Miguu ya Kupinda na Daftari la Parokia



Nataka kusema nanyi habari za watoto wanaozaliwa na nyayo zimepinda. Kila mzee wa pwani hii ya ziwa amepata kumwona mtoto wa namna hiyo. Kisigino kimevutwa juu, vidole vimegeukia ndani, na unyayo unatazama upande wa mguu wa pili, kama mtu anayetaka kuusoma unyayo wake mwenyewe. Ukijaribu kuunyosha kwa mkono haukubali. Hospitalini waita ugonjwa huu mguu kifundo. Pengine ni mguu mmoja, na kwa karibu nusu ya watoto hao ni yote miwili. Wavulana wapatwa zaidi ya wasichana, karibu mara mbili.

Wala si jambo la nadra sana. Wenzetu wa Uganda walihesabu watoto zaidi ya laki moja waliozaliwa katika hospitali zao, na hesabu yao, iliyotolewa mwaka 2010, ilionyesha mtoto mmoja na kidogo katika kila elfu. Parokia moja kubwa ya vijijini, yenye ubatizo mia tatu kwa mwaka, basi yaweza kumpata mtoto mmoja kila miaka mitatu hivi. Ni wachache kiasi cha watu kusahau namna ya kuwatunza. Walakini si wachache kiasi cha kusema hawapo.

Kwanza tuondoe maneno yasiyofaa. Katika vijiji vyetu, mtoto kama huyu akizaliwa, watu hawaulizi atatibiwa wapi. Huuliza nani amefanya. Mama alivuka nini alipokuwa mjamzito? Shangazi gani alikasirika wakati wa mahari? Mitume nao waliuliza vivyo hivyo juu ya yule kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua dhambi ni yake au ya wazazi wake, na Bwana wetu akawajibu kwamba si yake wala si ya wazazi wake. Injili hii husomwa kanisani wakati wa Kwaresima, nasi twaitikia vizuri, kisha twarudi nyumbani kumtafuta mchawi. Mguu huu hujipinda mtoto angali tumboni, na katika koo nyingine huonekana zaidi ya mara moja. Hakuna aliyeupinda.

Wengine husema ni polio. Hao nawasamehe, maana wazee wetu waliiona polio kwa macho, na mguu wowote wenye kasoro waliuita hivyo. Lakini polio humpata mtoto aliyezaliwa mzima, ikaulegeza mguu wake. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika Tanzania alionekana mwaka 1996. Mguu kifundo haulegei. Ni mgumu, nao umepinda tangu siku ya kwanza. Kuna pia nyayo zilizobanwa tu tumboni kwa kukosa nafasi. Hizi ukizigusa taratibu hunyoka mkononi, na baada ya muda hukaa sawa. Mkunga mwenye uzoefu hutofautisha kwa vidole vyake, na asiye na uzoefu asibahatishe.

Je, asipotibiwa? Mtoto huyo atatembea, hilo ni kweli, na ndilo linalowadanganya wazazi. Atatembea juu ya ubavu wa mguu, kisha juu ya mgongo wa mguu, ngozi ya pale ikawa nene na kupasuka. Katika Matendo ya Mitume twasoma habari za mtu aliyekuwa kiwete tangu tumboni mwa mama yake, aliyechukuliwa kila siku na kuwekwa mlangoni pa hekalu aombe. Petro akamshika mkono wa kuume, na nyayo na vifundo vyake vikatiwa nguvu. Wengi hukumbuka muujiza na kusahau umri. Sura inayofuata yasema mtu huyo alikuwa amepita miaka arobaini. Miaka arobaini ya kubebwa asubuhi na kurudishwa jioni!

Katika kigango kimoja cha parokia yetu yuko mzee mshonaji wa nyavu. Miguu yake yote miwili ni hivyo. Hakwenda shule, kwa kuwa shule ilikuwa mbali. Hakuwa mvuvi, kwa kuwa ndani ya mtumbwi yataka miguu ya kusimama imara. Akakaa kivulini kushona nyavu za wengine, na kazi yake ni safi kuliko ya yeyote ninayemjua. Nitamtaja tena.

Sasa habari njema. Ugonjwa huu hutibika, na pasipo upasuaji mkubwa. Aliyetupatia njia hii ni daktari Ignacio Ponseti. Alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Hispania, mtoto wa fundi wa saa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimtoa nchini kwake, na mwaka 1941 akafika katika chuo kikuu cha Iowa, Marekani. Zamani hizo madaktari wengi waliutibu mguu huu kwa kisu. Waliukata, wakaunyosha, mtoto akarudi nyumbani na mguu ulionyooka, wote wakafurahi. Ponseti aliwatazama watoto hao walipokuwa watu wazima, akakuta miguu yao imekuwa mikavu kama ubao, tena yenye maumivu. Basi akaacha kisu, akaanza kuchunguza jinsi mifupa ya mguu wa mtoto inavyosogea, mmoja ukimvuta mwenziwe. Akatambua kwamba kano za mtoto mchanga, ukizivuta kwa upole na kuzipa siku chache kuzoea, hurefuka zenyewe. Huhitaji kuzishinda kwa nguvu. Labda mtoto wa fundi wa saa alikuwa amekwisha kujifunza nyumbani kwamba chombo kidogo hakitengenezwi kwa nyundo.

Mwaka 1963 alitoa maandishi juu ya njia hiyo. Wenziwe hawakumsikiliza, nadhani kwa sababu haikuwa na fahari. Ilipita miaka zaidi ya thelathini, hata wazazi wenyewe wakaanza kupeana habari kwa intaneti, ndipo madaktari wakageuka. Ponseti aliishi akayaona hayo. Alifariki mwaka 2009.

Hapa ndipo mimi, karani, jambo hili liliponigusa. Katika ofisi ya parokia, kitabu kikuu ni kitabu cha ubatizo. Pembeni ya kila jina iko nafasi tupu inayongoja. Mtoto akipata Kipaimara, huandikwa pale. Akifunga ndoa, hata kama ni Tabora au Dar es Salaam, parokia ile hutuletea habari, nasi twaandika pale. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa hapa akiwa wa wiki mbili, baada ya miaka thelathini twaweza kufungua ukurasa wake na kuona amefika wapi.

Wale wa Iowa walifanya mfano wa hayo. Walitunza majina ya watoto waliotibiwa, kisha baada ya miaka thelathini hivi wakawatafuta. Habari hizo zilitolewa mwaka 1995. Waliwapata watu 45, wenye miguu 71 iliyokuwa imepinda. Wakawapima, wakawauliza kama waumia wakitembea, kama waweza kufanya kazi ya kusimama. Katika kila mia, 78 walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Pengine utasema: mbona si mia yote? Nao walijiuliza hivyo. Basi wakawapima kwa kipimo kilekile watu 97 ambao hawakuzaliwa na kasoro yoyote ya miguu, wakaona 85 katika kila mia. Maana hata sisi tuliozaliwa na miguu iliyonyooka, tukifika umri huo, wengine twaumwa miguu!

Huo ndio ushahidi, ndugu zangu, na ningependa tuutofautishe na sifa. Mganga wa kienyeji atakuambia ya yule mtoto wa Magu aliyepona kwa dawa yake. Huenda ni kweli. Lakini hana kitabu chenye majina ya wote waliomjia, pamoja na wale wasiopona na wale waliolipa mbuzi wakarudi walivyokuja. Si waganga peke yao. Hata hospitali huweza kujisifu kwa mguu ulionyooka leo bila kuuliza habari zake mwakani. Dawa iliyothibitishwa ni ile ambayo watu wake wameandika wote, kisha wakarudi kuwatazama.

Nije kwetu. Mwaka 2019 dada yangu, aliyeolewa upande wa Sengerema, alijifungua mtoto wa kiume mwenye miguu yote miwili ya namna hii. Katika zahanati moja aliambiwa asihangaike, mtoto atanyooka mwenyewe akianza kutembea. Mama mkwe wake alianza kumkanda kwa maji ya moto na samli, na kumfunga vijiti. Mimi ni mjomba wa mtoto, na mjomba ana sauti yake. Nikamwambia shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, kwamba kabla ya kununua nyavu mpya tumpeleke mtoto Bugando. Hospitali ya Bugando wengi mwaijua, ile iliyo juu ya kilima pale Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za Maaskofu wetu. Mtoto alikuwa na majuma matatu.

Kazi yenyewe ni hivi. Mtaalamu huushika mguu, huugeuza kidogo sana kwa vidole, kisha huufunga plasta ngumu ya jasi, ileile anayofungwa aliyevunjika mfupa, tangu vidoleni hata juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Ikiwa plasta yaishia chini ya goti, mtoto huichomoa kama soksi. Baada ya siku saba huifungua, huugeuza mguu kidogo tena, na kufunga nyingine. Kwa kawaida hutosha plasta tano au sita au saba. Kisigino huja mwisho. Mwenye haraka anayekishusha kwanza huuvunja mguu katikati, unyayo ukawa kama mtumbwi. Kwa watoto wengi kisigino hakishuki mpaka daktari akate kano ya nyuma kwa tundu dogo tu, sehemu ile ikiwa imetiwa ganzi. Kisha plasta ya mwisho hukaa majuma matatu, na kano hiyo hujiunga tena, ndefu kuliko mwanzo.

Kilichomtia dada moyo ni namba. Daktari mmoja wa Kanada, Shafique Pirani, aliyefanya kazi kubwa ya kueneza matibabu haya Uganda, aliweka kipimo cha dalili sita. Kila dalili hupewa sifuri, nusu au moja, kwa hiyo mguu mbaya kabisa hupata sita na mguu mzima hupata sifuri. Mtoto wetu alianza na tano na nusu. Dada hakumaliza darasa la saba, lakini kila Jumanne, akivuka na kivuko kutoka Busisi kwenda Kigongo na mtoto mgongoni, alijua namba ya juma lililopita, na wakati wa kurudi alinipigia simu kunitajia mpya, kama mtu atajaye bei ya dagaa.

Miguu ikanyoka. Nyumba nzima ikashangilia, kuku akachinjwa. Na hapo, wasomaji, ndipo hatari ilipoanza.

Maana mguu huu una kumbukumbu. Plasta ikiisha, mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma, nyayo zikitazama nje. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa saa 23 kwa siku, saa moja tu ya kuoga na kupunga hewa. Baadaye huvivaa usiku na katika usingizi wa mchana, mpaka afikishe miaka minne au zaidi. Viatu hivi havihitaji kutoka Ulaya. Mholanzi Michiel Steenbeek, alipokuwa akifanya kazi Kampala, alibuni namna ambayo fundi viatu na fundi wa kuchomelea chuma waweza kuitengeneza kwa vitu vinavyopatikana sokoni. Nimevishika mikononi, ni ngozi na chuma, hakuna cha ajabu. Lakini bila hivyo kazi yote ni bure. Hesabu ya watoto wa Ponseti mwenyewe yasema hivi: katika familia zilizovisha viatu kama walivyoagizwa, mguu ulirudia kupinda kwa watoto 6 katika kila mia. Katika zile zilizoacha, zaidi ya 80.

Mtoto wetu alipofika miezi minane alikuwa akilia usiku. Shemeji alikuwa kambi ya uvuvi visiwani, dada akilala na bibi wa mtoto. Bibi huyo ni mwanamke mwema, msali Rozari kila jioni. Alimfungua mjukuu usiku, akamfunga tena alfajiri kabla mama yake hajaamka. Ilikuwa huruma. Baada ya majuma machache vidole vya mguu wa kushoto vilianza kutazama ndani. Nilipofika pale bibi aliniambia waziwazi, "Mwanangu, mguu umekwisha kupona, kwa nini mwamfunga mtoto pingu?"

Nilieleza yote niliyoyasoma. Niliyasema vizuri, maana chuoni tulifundishwa kueleza, lakini hayakuingia. Aliyeyamaliza ni yule mzee mshonaji wa nyavu. Sikumwita mimi. Alisikia habari kwa watu, akaja mwenyewe siku ya Jumapili baada ya ibada, kwa baiskeli ya kubebwa. Aliketi, akaomba maji. Kisha akavua katambuga zake, akaziweka chini karibu na viatu vya mtoto. Zilikuwa zimelika juu, mahali ambapo katambuga ya mtu mwingine ina mikanda.

"Shemeji," akamwambia bibi, "mama yangu naye alinionea huruma."

Hakusema zaidi. Alikunywa maji yake, tukaongea habari za mvua. Bibi alikaa kimya mpaka mgeni alipoondoka. Tangu usiku ule ni yeye mwenyewe aliyemfunga mtoto viatu, akimwimbia, na mtoto akilia alimbeba na chuma chake. Mguu wa kushoto ulirudishwa katika plasta mara tatu, ukanyoka tena. Viatu vikavaliwa mpaka mwaka 2023. Sasa mtoto yuko shule ya msingi na hucheza mpira. Mguu wa kushoto ni mwembamba kidogo kuliko wa kulia, na soksi humshuka. Huyo ndiye mtoto wetu, si wa kwenye picha.

Baada ya hayo nilimwendea Paroko nikamwomba ruhusa ya kuandika habari za miguu katika kitabu cha ubatizo, pale pembeni. Alikataa, na kwa haki. Kitabu cha Sakramenti si daftari la hospitali. Akanipa shilingi za kununua daftari la shule, la mistari, lenye kurasa 64. Basi sasa wazazi wakija kuandikisha ubatizo, twawauliza yale ya kawaida: jina, wazazi, msimamizi. Kisha katekista, ambaye ni mama mwenye watoto saba na mikono yenye akili, huomba kumfunua mtoto na kutazama nyayo. Hatumtibu mtu. Tukitia shaka twamwandikia barua ya kwenda hospitali, na katika daftari twaandika tarehe. Kila mwaka twatafuta habari tena mpaka mtoto afike miaka mitano. Wazazi wengine walinuna mwanzoni. Sasa hufungua nguo za mtoto kabla ya kuombwa.

Wako pia watoto wenye shida nyingine za viungo, khasa mtindio wa ubongo, ambao hauponi kwa plasta wala kwa kukandwa. Hao nao wana wataalamu wao wa mazoezi, na msaada wao mkubwa ni kufundishwa kukaa, kula na kushika vitu katika shughuli za kila siku nyumbani. Habari zao ni ndefu, zataka siku yake.

Kwa mwenye mtoto mwenye mguu kifundo nasema haya ya matumizi. Nenda katika siku za kwanza, usingoje arobaini wala mavuno. Ikiwa mtoto amekwisha kuwa na mwaka au zaidi, nenda vilevile. Kazi ni ndefu zaidi lakini mlango haujafungwa. Weka akiba ya nauli kabla ya kuanza, maana juma moja likikosekana lavuruga yaliyotangulia. Kwa watu wa Sengerema na Geita safari si kama ile ya dada yangu. Daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa mwaka 2025, hakuna tena kungoja kivuko juani. Watu wa Ukerewe bado wana meli, na hao nawashauri watafute ndugu wa kulala kwake Mwanza katika majuma ya plasta. Usiilowanishe plasta. Tazama vidole vya mtoto kila siku: vikivimba, vikawa vya baridi au vikabadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Katika daftari letu wameingia watoto watatu tangu tulipoanza. Wawili nimewaona mwaka huu, wakitembea. Wa tatu, msichana, alimaliza plasta vizuri, lakini wazazi wake walihamia machimbo ya dhahabu upande wa Geita kabla hajafikisha mwaka mmoja wa kuvaa viatu, na simu yao haipatikani. Makatekista wa vigango vya huko nimewapelekea habari. Ikiwa msomaji wa upande ule ana jirani aliyetoka pwani ya ziwa, mwenye mtoto wa kike wa umri wa miaka mitatu na viatu viwili vyenye chuma katikati, amwulize kwa upole kama vingali vikivaliwa usiku.